Mshika Mbili Ziwani

Kachibora hakuna ziwa. Anayesimama sokoni pale na kutazama mashariki huiona milima ya Cherangani, na kuelekea magharibi huyaona mashamba ya mahindi yanayokwenda hadi Kitale na kuvuka. Hata hivyo, ni watu wachache nchini mwetu walio karibu na maji makuu kuliko wenyeji wa hapo. Mvua inyeshayo upande mmoja wa Cherangani huingia katika Mto Nzoia, ikapita Trans Nzoia, ikaporomoka Webuye katika nchi ya Bungoma, na hatimaye ikamwagika Bunyala katika Ziwa Victoria. Inyeshayo upande wa pili hufuata mabonde ya Turkwel na Kerio hadi Ziwa Turkana. Mtu wa Kachibora, kwa hiyo, amekaa juu ya mgongo wa paa la nyumba: tone moja huenda huku, jingine kule.

Si ajabu basi kwamba vijana kadhaa wa huko, waliojiwekea akiba katika chama chao, wamenuia kununua boti. Haja yao ni mbili. Wanataka chombo cha kuingia katika matete na mabwawa, mahali wanapotua bata wa mwitu; na wanataka chombo hicho hicho kifungwe nyuma ya gari, kipite Kitale na Lodwar, kikavue sangara Turkana. Waliniletea kijitabu cha muuzaji kilichoandikwa kwa Kiingereza, wakaniomba niwafasirie. Ndani yake mlikuwa na ahadi kwamba chombo kile kinafaa kwa kazi zote na kwa maji yote. Kuifasiri sentensi hiyo hakukunichukua hata dakika moja. Ni ukweli wake ndio ulionifanya nishike kalamu.

Mimi ni mtu wa lugha, si fundi wa kuunda vyombo. Lakini lugha nayo ina ushahidi wake. Kiswahili cha pwani hakikuwa na jina moja tu la kutosheleza kila kinachoelea. Kilikuwa na mtumbwi, ambao ni gogo lililochongwa, hori, mtumbwi mdogo wa maji matulivu, ngalawa, ambayo ni mtumbwi uliotiwa mbao mbili za kuelea ubavuni ili usipinduke, dau, mashua, jahazi, na mtepe, uliounganishwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja. Kila jina lilimwambia msikilizaji namna chombo kilivyoundwa, na mara nyingi hata maji kilichoyaweza. Aliyesema anakwenda Pemba kwa hori alichekwa kabla hajafika ufukweni. Kisha likaja neno boti, likameza majina yote hayo. Leo kijana husema anataka boti, na muuzaji humwuzia boti, na hakuna kati yao aliyelazimika kutaja ni maji gani. Umaskini wa neno huo una gharama, na gharama yake hulipwa majini.

Hebu tuzitazame kazi mbili hizo, kila moja peke yake.

Bata hupenda maji mafupi. Hula kwenye kina cha mkono mmoja, penye majani na matope, na hulala ndani ya matete. Anayemfuata ahitaji chombo chenye kitako bapa, kisichozama zaidi ya shubiri moja, kinachoweza kusukumwa kwa upondo mahali ambapo rafadha ya injini ingenasa magugu. Ubavu wake uwe mfupi ili kisionekane kwa mbali, rangi yake iwe ya matope au ya nyasi kavu, na kisitoe kishindo mguu unapogusa sakafu. Zaidi ya yote kiwe kimetulia, kwa kuwa mwenye kulenga husimama au hugeuka ghafla, na chombo chembamba hakisamehe mgeuko wa ghafla.

Ziwa kuu lataka kinyume cha karibu kila sifa hiyo. Ziwa Victoria lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800, lakini wastani wa kina chake ni kama mita 40 tu. Maji mapana yasiyo na kina kirefu, yakipigwa na upepo, hutoa mawimbi mafupi yaliyosimama wima na yanayofuatana upesi. Kitako bapa hulipiga wimbi la namna hiyo kama kofi. Abiria huumia mgongo, misumari hulegea, na maji huruka ndani kutoka omo, yaani mbele. Kwa hiyo mvuvi wa ziwa ataka omo iliyoinuka na iliyochongoka chini, ipate kulipasua wimbi. Ataka ubavu mrefu. Ataka mkuku, ule mti wa uti wa mgongo, umshikilie njia upepo ukija kwa ubavuni. Turkana ni kali zaidi. Upepo wa kusini-mashariki huvuma huko karibu mwaka mzima, na mara nyingi hushitadi usiku na asubuhi. Mwaka 1934, katika msafara wa utafiti ulioongozwa na Vivian Fuchs, wanasayansi wawili, Martin na Dyson, walivuka kwenda Kisiwa cha Kusini. Hawakuonekana tena. Hao walikuwa watu wenye elimu na vifaa, na nia yao ilikuwa kuvuka tu.

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Je, tuufunge mjadala hapo, tuwaambie vijana wanunue vyombo viwili au wasinunue kabisa? La hasha. Historia ya maji yetu yenyewe yatufundisha kwamba chombo cha kazi mbili chawezekana, mradi mwenye kukichagua ajue ni kazi ipi iliyo bwana na ipi iliyo mtumishi.

Tuanze na Waelmolo wa Loiyangalani, kwenye ufuo wa mashariki wa Turkana. Chombo chao cha asili kilikuwa chelezo cha magogo ya mkoma yaliyofungwa pamoja. Chelezo kilekile kiliwapeleka kuvua samaki na kuwinda mamba. Hakikuwa na mwendo, na aliyekipanda alilowa. Lakini kilikuwa na sifa moja inayozishinda nyingine zote: hakikuweza kujaa maji, kwa sababu hakikuwa na tumbo la kujaa. Waelmolo walianza kwa kuuliza swali la kwanza, nalo ni hili: upepo ukitukuta katikati, nini kitatuweka juu? Uwindaji na uvuvi vilifuata baadaye.

Mfano wa pili ni mashua ya Ssese, iliyopewa jina la visiwa vya Uganda vilivyo kaskazini-magharibi mwa Ziwa Victoria. Katika karne ya kumi na tisa mbao zake zilishonwa kwa nyuzi, kama mtepe wa pwani, juu ya mkuku mmoja mrefu uliojitokeza mbele. Baadaye misumari ilichukua mahali pa nyuzi, na katika karne ya ishirini injini ikafungwa kwenye tezi, yaani nyuma. Umbo lakini lilibaki, na leo mvuvi wa Bunyala, wa Mbita na wa Mwanza bado analitumia. Mashua hii huanzia katika mafunjo ya ufuoni, ambako maji hayafiki magotini, na humaliza kazi yake mahali ambapo nchi kavu haionekani. Imeyaweza yote mawili kwa kuwa ni ndefu. Urefu huutandaza uzito, na uzito uliotandazwa hauzamishi sana. Hapo ndipo ilipo siri ya maridhiano kati ya matete na mawimbi: usikikate kimo cha ubavu ili kupata wepesi, ongeza urefu.

Ushahidi wa tatu ni wa juzi. Upande wa Uganda, mafundi walianza kuunda vijimashua vya bei nafuu, vifupi na vyenye kitako bapa, ambavyo wavuvi huviita parachuti. Karibu na ufuo vilifaa. Katikati ya ziwa viliua. Wanajeshi walipoanza doria ya uvuvi mwaka 2017, mashua fupi kuliko futi 28 zilipigwa marufuku katika Ziwa Victoria upande huo, na nyingi zilichomwa moto. Wapo waliolalamika, na kwa haki, kwamba maskini alinyang'anywa riziki kwa mabavu. Ukatili wa utekelezaji siutetei. Lakini kipimo chenyewe hakikutoka hewani. Kijana wa Kachibora anayefikiria kuvua mpakani akijue kabla hajalipa.

Sasa tufanye hesabu kidogo, maana ahadi za wauzaji huyeyuka mbele ya hesabu. Tuchukue kiboti bapa cha matete chenye urefu wa mita 4 na upana wa mita 1.2. Eneo linalokaa juu ya maji ni kama mita za mraba 4. Kila kilo 40 zitakizamisha sentimita 1. Watie watu watatu wa kilo 75, injini ya kilo 75, petroli ya lita 25, nyavu na barafu kilo 100, na samaki kilo 150. Jumla ni karibu kilo 570. Kiboti kitazama sentimita 14 kwa mzigo huo, na nyingine mbili au tatu kwa uzito wake chenyewe. Ikiwa ubavu wake wote una sentimita 40, umebakiwa na sentimita 23 au 24 juu ya maji. Hiyo ni shubiri moja, na wimbi la nusu mita ni la kawaida alasiri yoyote yenye upepo.

Chukua sasa chombo cha mita 5 na nusu chenye upana wa mita 1.7. Eneo lake juu ya maji, ukitoa ncha ya omo, ni kama mita za mraba 7. Mzigo uleule utakizamisha sentimita 8 tu, na ubavu wake, kwa kawaida, una sentimita 60 au zaidi. Tazama lililotokea: kile kikubwa chazama kidogo kuliko kile kidogo. Ataingia nacho matete karibu yote ambayo angeingia na kiboti kile, na atarudi nacho nyumbani upepo ukibadilika. Anachopoteza ni wepesi wa kukibeba mabegani na uwezo wa kujificha. Hasara hizo zote mbili zina dawa. Kwa kujificha, nyasi na mafunjo yaliyofungwa kwenye nyavu kuukuu na kutandazwa ubavuni hutosha. Bata hamtambui mtu kwa kimo cha ubao, bali kwa mwendo wake na mng'ao wa uso wake. Kwa kubeba, yapo magurudumu.

Na hapa pana jambo ambalo wengi hulisahau. Uwezo wa kuelea katika maji mafupi haumfai mwindaji peke yake. Huko Turkana, mapema katika miaka ya 1980, Norwei ilifadhili kiwanda cha kugandisha samaki Kalokol, karibu na Ghuba ya Ferguson. Baadaye katika muongo huohuo ziwa lilirudi nyuma na ghuba ikakauka. Samaki waliotarajiwa wakatoweka, na jengo likabaki likitazama mchanga. Miaka ya karibuni ziwa limepanda tena na kumeza ardhi ya watu. Ufuo unaohamahama namna hiyo hauna gati la kutegemewa. Mvuvi hutua popote, katika maji ya magotini, na mwenye mkuku mrefu mno hubaki nje akitafuta wa kumbebea samaki. Kwa hiyo kitako kinachoanza kwa kuchongoka kwenye omo na kuishia kwa ubapa kwenye tezi si ujanja wa kumridhisha mpenda bata tu. Ndicho kinacholifaa ziwa lenyewe, mradi chombo kiwe kirefu na ubavu uwe wa kutosha.

Kuhusu bata wenyewe sina budi kusema jambo la sheria, kwa kuwa kijitabu cha muuzaji kiliandikwa kwa watu wa nchi nyingine. Uwindaji wa wanyama kwa burudani ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977. Kwa miaka mingi baada ya hapo ndege kadhaa waliendelea kuwindwa kwa kibali. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ilileta adhabu nzito zaidi kuliko iliyotangulia. Asiye na kibali mkononi asithubutu kutia bunduki chomboni, na kwa Hifadhi ya Taifa ya Saiwa, iliyotengwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, asiiwazie hata kwa upinde.

Kuna pia njia nyingine ya kuwapata ndege ambayo haihitaji boti wala risasi, nayo ni aibu yetu. Katika mashamba ya mpunga ya Bunyala, chini kabisa ya Mto Nzoia wetu, imeshuhudiwa mara nyingi kwamba watu hutega chambo kilichotiwa sumu ya wadudu iitwayo kabofurani, wakaokota korongo na bata waliokufa, na kuwauza kama kitoweo. Anayekula hajui anachokula. Kuyaita hayo uwindaji ni kulitukana neno.

Lakini yapo mawindo mengine, na hayo ndiyo niliyowashauri vijana wayatie katika hesabu zao. Kuanzia Oktoba hadi Machi au Aprili, bata kutoka Ulaya na Asia hushuka katika mabwawa na maziwa yetu, wakachanganyika na bata wa miluzi, bata bukini wa Misri na wenyeji wengine. Wapo wageni, na wenyeji pia, walio tayari kulipa ili wawaone kwa darubini na kuwapiga picha. Mwenye darubini ahitaji mambo yaleyale aliyoyahitaji mwenye bunduki: utulivu, ukimya, kitako kisichonasa, na mahali pa kusimama bila kuyumba. Chombo hakibadiliki hata kidogo. Kinachobadilika ni kwamba bata wa leo ataweza kuonyeshwa tena kesho, na mwenye boti hatalala akimwogopa askari wa wanyamapori.

Yafuatayo basi ndiyo niliyowaambia, na nawaambia wengine walio katika nia hiyo. Mosi, kitajeni kwanza kibaya kuliko vyote mtakavyokutana navyo. Kama mtavua Turkana, Turkana ndiyo bwana, na bwawa la Kachibora ni mtumishi. Pili, msishuke chini ya mita 5 za urefu, na kimo cha ubavu kisipungue nusu mita chombo kikiwa kitupu. Tatu, mwulizeni muuzaji swali la Waelmolo: kikijaa maji, chaelea? Vyombo vingine vya faibaglasi na alumini huundwa na povu gumu au masanduku ya hewa yaliyozibwa ndani yake. Vingine havina, na kwa macho huwezi kuvitofautisha. Jibu la muuzaji lisiaminiwe hadi litiwe katika maandishi au kijaribiwe mbele yenu. Nne, fikirieni barabara. Kutoka Kitale hadi Lodwar ni takriban kilomita 300, na mashua ya mbao za mvule, nzuri kama ilivyo, ikikaa juani miezi mitatu bila kugusa maji, mbao zake hukauka na kuachana, ikahitaji kalafati upya kabla ya kushushwa. Mwenye kuhamisha chombo kati ya maji mawili atafaidika zaidi na alumini au faibaglasi. Mwenye kukiacha ziwani mwaka mzima asimdharau fundi wa mbao. Tano, nunueni jaketi okozi kwa kila kiti kabla ya kununua taa, viti vya kuzunguka na mapambo mengine. Nimeona orodha za manunuzi ambamo jaketi zilikuwa za mwisho, na fedha zikaisha kabla ya kuzifikia.

Sita, na hili ni kwa walio na mamlaka. Chama cha vijana hakiwezi kupima povu lililo ndani ya ubao. Serikali za kaunti zetu hutenga fedha kununua vyombo na kuvigawa kwa makundi, na mara nyingi zabuni husema boti, basi. Neno hilo halitoshi. Zabuni itaje maji, itaje urefu, kimo cha ubavu, mzigo wa juu kabisa, na iseme wazi kwamba chombo kikijaa maji sharti kiendelee kuelea. Anayekipa kikundi cha Turkana chombo cha kidimbwi hajawapa msaada.

Wapo watakaosema kwamba nimeyakuza mambo, kwamba wavuvi wamekuwa wakienda ziwani kwa vijiboti vifupi na kurudi. Ni kweli, hurudi. Aghalabu hurudi. Lakini tunaowasikia ni wale waliorudi, na ndiyo maana ushauri wao huelemea upande mmoja. Maji usiyoyafika hujui wingi wake, na kijana wa mlimani, aliyezoea kuyaona maji yakiwa mepesi na yakiteremka haraka mbele ya mlango wake, ndiye wa kwanza kuudharau wingi huo.

Vijana wale hawajanunua bado. Wameahirisha hadi mavuno, ili waongezee akiba yao kipande kilichobaki kati ya chombo cha mita 4 na cha mita 5 na nusu. Mahindi ya msimu huu yakija vizuri, tofauti hiyo italipwa kwa magunia kadhaa, nami sijui matumizi mengine ya magunia hayo yaliyo bora kuliko hilo.